Hotuba ya Kuutangaza Ushindi Dhidi ya Tiki-Tiki ya Pikapu Letu la Theluji

Naitwa Orval Skogstad. Nina miaka themanini na mmoja, shule niliiacha kabla haijaniacha, na nimeishi kuliko wachungaji watano, daraja la mbao la kule mtoni, trekta mbili zilizosemekana hazifi, na daktari aliyenikataza siagi. Nasema haya ili anayetaka kunikatiza ajue nimezoea kubaki nimesimama mwenyewe.

Mheshimiwa Mchungaji mwenye ufunguo wa ukumbi huu. Waheshimiwa wenye ng'ombe wa maziwa. Waheshimiwa wenye nguruwe, ambao harufu yenu imewatangulia. Waheshimiwa mliostaafu na mnaojidai mmestaafu. Akina mama mliooka viazi kwa jibini. Bwana Duane Pribyl, fundi wetu na dereva wa pikapu letu la kusukuma theluji. Na wewe Mama Verna Tofteland uliyeketi mbele, umekunja mikono tangu sijafungua mdomo. Itifaki yote imezingatiwa, na ambayo haikuzingatiwa nitairudia. (Makofi. Wengine walikuwa wanajipasha viganja, lakini nayahesabu.)

Ndugu wananchi wa Elvestad, leo, kwenye mkutano wetu wa mwaka, mnapiga kura kama niendelee kukalia kiti hiki cha uenyekiti nilichokikalia mpaka kikachukua umbo langu, na kabla hamjapiga, naomba mtafakari kwa kina changamoto ya kimfumo iliyolikabili pikapu letu katika eneo nyeti la manifoldi ya ekzosi, yaani kile chuma kinachopokea moshi wa injini na kuupeleka kwenye bomba, ambacho kimefungwa kwa bolti, ambazo nazo, kwa sababu za kitaalamu pamoja na chumvi ya barabarani, hukatika vichwa. Tulizibadilisha, zikakatika. Tukazibadilisha tena, zikakatika zilezile mbili za nyuma, pale ambapo mkono haufiki mpaka ulale juu ya injini kama paka. Kukiwa na baridi moshi unapenya kwenye mwanya na pikapu linalia tiki-tiki-tiki, na mwezi uliopita moshi ukaingia hadi kwa dereva, Duane akaendesha vioo vikiwa chini, ndevu zikaganda, akageuza njiani. Barabara ya Mama Verna ikabaki imefukiwa, lori la maziwa halikumfikia, naye akamwaga maziwa yake yote shimoni. Niliumia sana. Siku ile hata pai haikupita kooni.

(Mama Verna: “Ulikula vipande viwili, Mzee! Nilikuwa meza ya pili!”)

Vilipita kwa uchungu, mama. Ndipo mimi, bila kusukumwa na mtu, nikaasisi Mpango Jumuishi na Endelevu wa Kudhibiti Bolti, nikaunda kamati, nikashirikisha wadau, nikafanya tathmini, na leo natangaza kwamba tiki-tiki imepungua kwa asilimia tisini na nane, na hizo mbili zilizobaki ni za saa ya ukutani. (Shangwe. Duane akainuka: “Mzee Orval, mimi hata sija...”) Keti, Duane, sifa zako zinakuja, na kwanza umeze viazi. Mashahidi ni nyinyi wenyewe: mlipoingia, pikapu lilikuwa linanguruma hapo nje. Nani alisikia tiki? (“Hakuna!”) Nani alisikia hata ti? (“Hakuna!”)

(Mama Verna: “Basi lizime, halafu uliwashe!”)

Limeshazimwa, mama, tangu nilipoanza kusalimia, na litabaki hivyo kwa heshima ya mkutano.

(“Nakwenda kuliwasha mwenyewe. Nina ng'ombe arobaini, Mzee, hawakamuliwi kwa hotuba. Likilia, hicho kiti ukiage!” Akavaa koti, akatoka, baridi ikaingia na kuwashika wote miguuni.)

Anakwenda kuthibitisha, ndugu zangu. Ufuatiliaji na tathmini, hiyo ni sehemu ya Mpango. (Nje injini ikakohoa, ikawaka. Tiki-tiki-tiki-tiki. Duane: “Zilezile mbili za nyuma.”)

Tusitaharuki! Ndugu wananchi, desturi ya Elvestad mnaijua tangu enzi za babu zenu: anayetoka ukumbini kabla ya kura ndiye anayechaguliwa. Hivyo ndivyo nilivyokipata kiti hiki mimi, nilikuwa msalani. (Vicheko vya muda mrefu.) Wanaomtaka Mama Verna Tofteland awe mwenyekiti waseme ndiyo. (“NDIYOOO!” Hata Mchungaji.) Wanaokataa? (Tiki-tiki-tiki.) Pikapu halina kura. Amepita!

(Mama Verna akarudi, pua nyekundu: “Mmelisikia? Linalia kama cherehani!” Ukumbi mzima: “Tumelisikia, Mama Mwenyekiti!” Akasimama na glavu moja mkononi. “Mama nani? Orval Skogstad! Mzee laghai wewe!” Kisha akacheka mpaka akashika meza. “Haya. Duane, kesho asubuhi unazichimba hizo bolti, unaweka mpya, na hicho chuma kilichopinda unakisawazisha kwanza. Na wewe Mzee utalala juu ya injini, umshikie taa.”)

Mmeona? Utekelezaji umeanza nikiwa bado jukwaani! Elvestad, mbele! (“Mbele!”) Moshi, nje! (“Nje!”) Bolti, ndani! (“Ndani, na zikae!”)

Mwisho naishukuru kamati ya Mpango, ambayo ilikuwa mimi, na haikuwahi kukutana, kwa kuwa Mpango wenyewe haukuwahi kuwepo na hakuna bolti iliyoguswa. Namshukuru Duane, aliyenieleza zamani kwamba chuma kikipata moto hutanuka kikaziba mwanya, tiki ikanyamaza. Ndiyo maana niliacha pikapu likiunguruma tangu mchana. Lingenyamaza hadi kura ipite, laiti ningewasalimia watu wachache, chuma kisipate muda wa kupoa.

Anayebisha neno lolote hapa amuulize Duane Pribyl, viazi vikishashuka. Au Mchungaji, aliyesema ndiyo kwa sauti kuliko anavyoimba. Au Mama Mwenyekiti Verna Tofteland, aliyechaguliwa katika kipindi changu. Taa nakuja nayo mwenyewe.