Maombi ya Kumwondoa Bibi Katika Ngome Yangu

Kwa Shangazi mheshimiwa,

Shikamoo.

YAH: BIBI ACHUKULIWE JUMAMOSI, IKIWEZEKANA MAPEMA ZAIDI

Naanza kwa kukiri jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Baba: mimi ni mtawala wa majimbo matano. Nina ngome mbili za mawe, bandari moja, na jeshi la samurai wenye mikuki mirefu ambao nikibonyeza tu, wanapiga goti. Ninyi mnaniona nimeinamia sahani, mnasema huyu mtoto ameumbwa bila ulimi. Kumbe tangu likizo ianze, kila baada ya chakula cha mchana nakaa mbele ya kompyuta ya zamani ya Baba, ile inayonguruma kama jokofu, naendesha mchezo wa vita vya kale vya koo na mabwana zao, na watu wananitii.

Siri ni hiyo. Sasa malalamiko.

Uliposema kwenye simu kwamba Jumamosi utakuja kumchukua Bibi akaishi kwako, kwa kuwa nyumba yetu haina mtu wa kuongea naye, Baba alituuliza sote. Bibi akasema, "Sawa tu." Mimi nikapewa simu, nikasema, "Sawa tu," maana ndilo jibu langu kwa kila kitu. Barua hii ni ufafanuzi wa hiyo sawa tu yangu. Shangazi, naunga mkono hoja. Mchukue. Sababu zangu ni hizi:

1. Bibi aliingia kwenye utawala wangu bila kubisha hodi. Nilikuwa nimeizingira ngome ya adui wangu mkubwa, bwana mmoja mwenye kofia ya chuma yenye pembe. (Bibi alimwita Mzee Pembe na jina likaganda.) Ilibaki zamu moja tu lango lianguke. Bibi akapita na nguo za kupiga pasi, akasimama nyuma yangu, akauliza hivyo vyeupe vinavyoanguka ni nini. Nikamwambia ni theluji, kwenye mchezo ni majira ya baridi. Akasema, "Na hao watoto wamesimama nje tangu lini?"

Wewe umelelewa naye, unaijua sauti hiyo. Alikuwa matroni wa bweni la wasichana mpaka alipostaafu, na sauti haikustaafu naye. Nikajikuta nimelirudisha jeshi zima nyumbani. Tangu vita vianze duniani, sidhani kama kuna ngome iliyosalimika kwa sababu wavamizi hawakuwa na masweta.

2. Tangu siku hiyo ana kiti chake. Ni kile cha jikoni chenye mguu mmoja mfupi. Ameukunjia kadibodi chini. Zamu haianzi mpaka akague. Anataka kujua kila jemadari amekula nini, analala wapi na anagombana na nani. Amewapa majina: yupo Kipara, yupo Mabega, yupo Anayejiona. Anayejiona ndiye alikuwa shujaa wangu. Bibi akamshusha cheo akalinde daraja, kwa madai kwamba "ana macho ya mtu anayeoga na sabuni ya mwenzake." Msimu uliofuata Anayejiona akaasi, akahamia kwa Mzee Pembe na farasi wake wote. Bibi hakusema "nilikwambia." Alikunja soksi tu, akazipanga. Bora angesema.

3. Anakula biskuti juu ya kibodi. Herufi M haibonyezeki tena.

4. Hili ndilo zito. Mchezo wenyewe umeandikwa kwa ile lugha yetu nyingine, ya darasani. Bibi akasema maandishi ni madogo mno, nimsomee, tena kwa lugha ya nyumbani. Sawa. Ukaja ujumbe wa kwanza wa Mzee Pembe. Aliandika kwamba atanikata kichwa, akichomeke kwenye mkuki, na macho yangu yawe kifungua kinywa cha kunguru.

Niambie, Shangazi, mtu anamsomeaje bibi yake maneno kama hayo? Nikasema, "Anasema shikamoo, na kwamba hajapendezwa."

Bibi akasikitika sana. Akauliza kama tumemkosea.

Basi ikawa hivyo kila ujumbe ukija. Mzee Pembe akiapa kuchoma mashamba yetu ya mpunga, mimi nasoma kwamba anaulizia mavuno. Akituita ukoo wa mbwa, nasoma kwamba amegusia mifugo. Mwishowe Bibi akakata shauri: huyu ni mzee mpweke, mwenye adabu zake, asiyejua kuomba. Akaniamuru nimpelekee magunia ya mchele, farasi wawili weupe na salamu za pole. Nikabonyeza nimefumba macho, nikijua tumekwisha.

Mzee Pembe akakubali amani. Akatoa na binti yake aolewe na Kipara. Shangazi, nilikuwa nimechora ramani ya kumwangamiza nyuma ya kalenda ya jikoni, yenye mishale myekundu. Sasa hivi ni mkwe.

5. Amemtoa Mkimya ghalani. Mkimya ni jemadari wangu dhaifu kuliko wote. Upanga hauwezi, farasi anamwogopa. Nilimweka alinde mchele mahali ambapo hatamwona mtu wala kuonekana na mtu. Bibi akamtazama weee, halafu akasema, "Huyu mbona kama wewe, mume wangu? Nani kamficha huku?" Akamfanya mjumbe. Ndiye aliyepeleka ule mchele. Kumbe kuna ukurasa mwingine wa sifa zake ambao sikuwahi kuufungua, na kwenye mazungumzo hakuna jemadari anayemfikia. Naona aibu kama mtawala.

6. Vita vimetoka nje ya kompyuta. Unamjua fundi cherehani wa ghorofa ya juu, ambaye mashine yake inatikisa taa yetu ya sebuleni. Baba huwa anaitukana dari, kwa sauti ndogo, isije ikasikia. Juzi Bibi aliitazama ile taa inavyocheza, akasema, "Tutume mjumbe." Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Sebuleni tulikuwa wawili.

"Mkimya, inuka."

Nikapanda ngazi na sahani ya machungwa. Nilibisha kwa kidole kimoja, nikiomba wawe wamehama. Akafungua binti wa fundi, ambaye tunasoma darasa moja na sijawahi kumwambia hata neno. Nikayasema yote niliyotumwa bila kuvuta pumzi: taa, mashine, machungwa, Bibi anasalimia. Akaniangalia, akasema, "Kumbe unaongea?"

Matokeo yake: fundi ametandika zulia kuukuu chini ya mashine, na taa imetulia. Binti yake anashuka kila alasiri kucheza upande wa Mzee Pembe, na Bibi anamsifia mbele yangu. Shangazi, sasa nina rafiki. Sikuomba. Ananisalimia njiani mbele ya watu, na inanibidi niitikie.

7. Fikiria hali ikiendelea. Leo nimeongea ngazini. Shule ikifunguliwa nitanyoosha mkono darasani. Nikinyoosha mkono watanifanya kiranja. Kiranja huitwa kusoma risala. Wanaosoma risala vizuri huishia kwenye siasa, na mimi nikiwa waziri, kila nchi jirani ikitukasirikia nitawatumia mchele na kuwauliza kama tumewakosea. Majeshi yatarudi nyumbani kuvaa masweta. Hakutakuwa na vita, kwa hiyo hakutakuwa na historia, kwa hiyo hakutakuwa na michezo ya samurai, na mafundi wanaoitengeneza watakosa kazi na watoto wao watalala njaa. Yote hayo kwa sababu hukuja Jumamosi.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu uje asubuhi, na sanduku kubwa. Akifika kwako zingatia haya: kiti chake kiegemee ukuta. Usimwashie taa kali. Akiuliza kama umekula, usidanganye, atajua. Ukiwa na habari mbaya, msomee polepole na uilainishe, maana ana moyo mwepesi. Kile kiti cha jikoni nitabaki nacho mimi. Na kadibodi yake. Ni ushahidi.

Nasikia kandambili zikikokotwa koridoni. Ni yeye. Tangu nianze kuandika, kila akipita nausukuma ukurasa huu chini ya kibodi, na mkono umeshaanza kuusukuma tena. Nauacha. Nimechoka kuweka vitu ghalani. Uko hapa mezani, wazi, na mlango unafunguka.

Wasalimie wote wa kwako, wakubwa kwa wadogo, na paka, na yule mpangaji wako anayejifunza tarumbeta. Mwambie huku tunao ujumbe wa amani kwa ajili yake.

Ni mimi mtiifu,
Mtoto wa kaka yako,
Mtawala wa majimbo matano (sita, ukihesabu la mkwe)

N.B. Ameisoma. Yote, akiwa amesimama. Alipofika namba nne alicheka mpaka akakaa, kadibodi ikachomoka, kiti kikayumba, akaendelea kucheka hivyo hivyo akiwa ameinama upande. Halafu akasema, "Mume wangu, nimelea wasichana wa shule ya lugha mbili maisha yangu yote. Unadhani walikuwa wananitukana kwa lugha gani?"

Alijua, Shangazi. Mkuki, kunguru, mbwa, alivisoma vyote mwenyewe, tangu ujumbe wa kwanza, huku mimi natoka jasho nikimpa shikamoo za Mzee Pembe. Nikamuuliza mbona basi alitaka nimsomee. Akasema alitaka kusikia mtu akiongea ndani ya nyumba hii, na kwamba mtu anayeweza kuugeuza mkuki kuwa salamu si wa kuficha.

Nikamuuliza na ile sawa tu aliyokwambia wewe. Akasema hakutaka kumlemea mtu. Kumbe ni ugonjwa wa ukoo.

Kwa hiyo namba moja hadi saba nazifuta. Ya tatu ibaki. Bibi anasema kabla barua haijakufikia utakuwa umeshafika huku na sanduku lako, hivyo amechukua simu na anasubiri nimalize mstari huu abonyeze namba yako, nikusomee mwenyewe. Ikiwa maneno haya unayasikia badala ya kuyasoma, hiyo sauti usiyoizoea ni yangu. Usikate. Imebaki sentensi moja, na si sawa tu.

Shangazi, tunaomba Bibi abaki.