Kuvuta Si Kunywa

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na Kyela nzima ilikuwa tope, kwa hiyo asubuhi ile hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda kokote. Kijiwe chetu kiko nyuma ya mashine ya mpunga, pale Mama Queen anapouza kahawa na chai ya tangawizi. Benchi mbili zinatazamana, na ole wake mgeni atakayekalia pahala pa mtu. Mimi wananiita Shahidi, kwa sababu sichangii hoja, nasikiliza tu. Wenzangu wanaona ni kasoro. Mimi naona kijiwe ambacho wote wanaongea kinahitaji angalau mtu mmoja mwenye masikio.

Aliyeanza alikuwa Hezroni, dereva wa bajaji, ambaye tunamwita Redio. Bajaji yake ilikuwa imezama tope hadi nusu ya tairi, naye alikuwa amekaa ndani yake kama waziri, simu mkononi.

"Jamani! Leo tarehe mosi Machi, huko Ulaya kuna nchi inaitwa Aislandi inasherehekea Siku ya Bia!"

"Kila siku ni siku ya bia, Redio," akajibu Deusdedit. Huyu ni mtumishi wa ushirika, kaletwa na serikali kutoka Bukoba, na kwa kuwa ni Mhaya tumembatiza Nshomile, yaani msomi, bila kumwomba ruhusa. "Kwetu hakuna haja ya kuweka tarehe."

"Nshomile, kusoma umesoma, kusikiliza bado. Wanasherehekea kwa sababu bia ilikuwa marufuku nchi nzima mpaka mwaka themanini na tisa!"

"Zama za Wajerumani hizo."

"Wajerumani wa wapi? Elfu moja mia tisa themanini na tisa! Mimi nishaanza shule, navaa kaptula, mzungu mzima huko anakamatwa na bia!"

Mama Queen akaacha kumimina. "Ni Waislamu?"

"Walutheri watupu, Mama Queen."

"Walutheri!" Mama Queen anaimba kwaya ya Kilutheri, sauti ya pili. "Basi hao ni watu wetu. Waongezee sifa."

"Tena jina lenyewe maana yake nchi ya barafu," Redio akaendelea.

"Ngoja kwanza." Nshomile akanyanyua kidole. "Mungu amekupa friji la bure, nchi nzima, halina bili ya umeme. Halafu wewe unakataza bia? Hiyo si sheria, ni kukufuru. Sisi hapa Kyela joto linachemsha bia ndani ya kreti, na bado tunavumilia."

"Hujasikia utamu. Bia marufuku, lakini pombe kali ruksa!"

Benchi zote mbili zikalia kwa kicheko.

"Acha fiksi, Redio."

"Haki ya Mungu! Walisema bia ni nyepesi, itawazoesha vijana na wafanyakazi. Mtu akianza na bia, ataharibika."

"Kwa hiyo wakaona bora aanzie pombe kali, wamfupishie safari," akasema Nshomile. "Sisi tulifuta viroba vya pombe kali tukaacha bia. Wao walifuta bia wakaacha ukali. Dunia hii kila mtu analewa kwa katiba yake."

"Na mwanzoni kabisa walifuta vyote. Wahispania wakawaambia, hamnunui mvinyo wetu, nasi hatununui samaki wenu. Unajua kilichotokea? Mvinyo ukaruhusiwa!"

"Kama soko la Lyulilo tu," akasema Mama Queen. "Umekuja na mahindi, unaondoka na chungu. Umekuja na maneno, unaondoka na mtumbwi mtupu."

Katika haya yote kulikuwa na mtu mmoja ambaye hajacheka. Lugano, mkulima wa kakao kutoka Ndandalo, alikuwa ameinamia kikombe chake kama mtu anayesoma msiba ndani yake. Lugano jina lake la kijiweni ni Mrija. Ndani ya koti lake, upande wa moyo, anatembea na mrija wake mwenyewe wa tete uliofungwa uzi mwekundu, ili popote atakapokuta watu wamezunguka chungu cha kimpumu asisumbue mtu kwa kuazima. Kimpumu ni pombe yetu ya ulezi. Wazee wanazunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake, kikipungua yanaongezwa maji ya moto. Lugano akikaa kwenye chungu, mwenye maji ya moto hapumziki. Na mtu huyo asubuhi ile alikuwa anakunywa kahawa, tena bila sukari.

"Sasa wenye baa wakafanyaje?" Redio akauliza, akajijibu. "Kulikuwa na bia ya kitoto, isiyolewesha, hiyo iliruhusiwa. Wakaichukua, wakaimwagia pombe kali, wakauza. Si bia, ni mchanganyiko! Serikali ikaja kushtuka baadaye, watu wameshakunywa miaka."

Lugano akainua kichwa. "Rudia hapo."

"Wapi?"

"Hapo kwenye sheria kusema hivi, na watu kupita vile."

Nshomile akamtazama. "Mrija, kuna nini? Una kesi?"

"Ninayo." Akaweka kikombe chini. "Kesho wanakuja wakwe. Wanamleta Jubilate kwa ajili ya Catheline wangu. Wanatoka Moshi kote huko."

"Hongera! Sasa huzuni ya nini?"

"Catheline kaniapisha. Mbele ya mama yake, mkono juu ya Biblia. Nimesema, kesho sitakunywa pombe. Nikinywa, kiti cha baba anakalia mdogo wangu Brighton, na Brighton ndiye atakayempeleka mbele ya wakwe."

Hapo hata Redio alizima simu. Sote tulijua Catheline hakukosea kumwapisha. Kwenye sherehe ya dada yake, Neema, Lugano alikaa na chungu tangu asubuhi, na ilipofika saa ya kumkabidhi binti alisimama, akatoa hotuba nzuri sana yenye machozi, akamshika mkono mpiga picha, akamkabidhi Neema. Mpiga picha akapokea. Mpaka leo yule kijana akipita Ndandalo anaitwa mkwe.

"Si usinywe tu, Mrija?" akasema Mama Queen. "Siku moja."

"Mama Queen, wewe ni mtu wa hapa. Chungu kikiwekwa mbele ya wageni, nani anavuta wa kwanza?"

Mama Queen akageukia mkaa wake.

"Mwenye nyumba," akajibu Lugano. "Avute watu wamwone, wajue hakuna sumu. Nisipovuta, wale watu watasema nini? Wametoka Moshi waje kufa Ndandalo?"

"Hapo kasema kweli," Nshomile akakiri. "Wachaga nao wana mbege yao. Mwenye pombe asipoonja, mgeni hagusi."

"Vuta basi moja tu, uache," nikasema mimi, na kwa kuwa huwa sisemi, wote walinigeukia. Kisha wakaanza kucheka. Lugano mwenyewe alicheka. Mvuto wa kwanza wa Lugano haujawahi kuwa na wa pili. Huwa unaisha pamoja na chungu.

"Tulieni, tulieni." Redio alishuka kwenye bajaji, akazamisha kiatu kwenye tope bila kujali. "Mrija, kwenye kiapo ulitamka neno gani? Neno lenyewe!"

"Sitakunywa."

"Sitakunywa! Umesikia, Nshomile? Haya, niambie. Kimpumu kinanywewa?"

Nshomile akafumba macho kidogo, akayafumbua yamejaa nuru ya Bukoba. "Hakinywewi. Kinavutwa!"

"Aaah!"

"Soda inanywewa. Maji yananywewa. Kimpumu kinavutwa! Hata mtoto hapa akitumwa anasema, babu yuko anavuta. Sheria inasomwa ilivyoandikwa, ndugu zangu. Aliapa kutokunywa, hakuapa kutovuta. Mrija, uko huru!"

Lugano alisimama. Nyie, yule mtu aling'aa. Akaingiza mkono kwenye koti, akautoa mrija wake wenye uzi mwekundu, akaubusu mbele yetu bila haya.

"Aislandi oyee!"

"Oyee!"

"Kuvuta si kunywa!"

"Si kunywa!"

"Sheria ni msumeno, nyie," akasema Mama Queen akipuliza mkaa uliokuwa unakataa kuwaka. "Unakata mbele, unakata na nyuma. Endeleeni tu."

Hapo bodaboda ikasimama, na aliyeshuka nyuma yake alikuwa Catheline, bado na sare zake nyeupe za unesi chini ya koti la mvua, mfuko begani.

"Shikamoo tata. Shikamooni."

"Marahaba mwanangu," akasema Lugano, na mrija ukarudi kotini kwa kasi ya panya.

"Nimekuja kukuchukua, ukanyoe ndevu. Lakini oyee nimeisikia tangu kule kwenye mashine. Mnapigia nini?"

Redio akaikagua simu iliyozimwa. Nshomile akaona tope la kupangusa kwenye kiatu. Lugano, nampa haki yake, alikuwa mwanaume.

"Mwanangu, kijiwe kimekaa kama mahakama. Kimeona kwamba mimi niliapa kutokunywa. Na kimpumu hakinywewi."

"Kinavutwa," akasema Catheline.

"Eh... ndiyo."

"Tata, hilo mbona nalijua tangu darasa la tatu? Mama akikuuliza umekunywa, unajibu, sijanywa, nimevuta tu. Wodini wagonjwa wangu wote hawanywi. Mmoja anaonja, mwingine anasafisha koo, yupo anayezimua. Ini ndilo halijaelewa Kiswahili."

Mama Queen alikohoa kicheko.

"Sawa," Catheline akaendelea. "Kijiwe kimehukumu, mimi sikati rufaa. Kuvuta si kunywa. Kesho utavuta."

"Nitavuta?"

"Utavuta wa kwanza, mbele ya wakwe zangu wote. Ila leta mrija wako."

Lugano akautoa taratibu. Catheline akaupokea, akafungua mfuko wake na kutoa mwingine. Tete jipya, safi, urefu uleule, uzi mwekundu uleule.

"Mama kakukatia huu."

Lugano akaugeuza mkononi, macho yakalowa. "Mama yako? Amenikatia mwenyewe? Ndaga fijo, asante sana mwanangu. Ndaga fijo." Na kwa kuwa ni Lugano, hakuweza kusubiri. Akautumbukiza kwenye kikombe cha kahawa, akavuta.

Mashavu yakaingia ndani. Akavuta tena. Macho yakatoka, mishipa ya shingo ikasimama. Akautoa, akauangalia chini, akauangalia juu, akauelekeza kwenye mwanga kama mtu anayetazama kwa darubini.

"Mbona haupitishi?"

"Mama hakutoboa kifundo cha katikati," akasema Catheline. "Utavuta mpaka jioni ukitaka. Watu watakuona, wakwe watajua hakuna sumu, baba mdogo Brighton atakaa kwenye benchi lake. Na kiapo chako kiko palepale. Si kuvuta si kunywa?"

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Redio aliangukia bajaji yake. Nshomile alifuta machozi kwa tai ya serikali. Lugano peke yake ndiye hakucheka. Alibaki amesimama na tete lake, akimwangalia binti yake.

"Ungemwacha tu Brighton akae," akasema polepole. "Ingekuwa rahisi."

"Simtaki Brighton." Sauti ya Catheline ilikuwa imebadilika. "Brighton si baba yangu. Nataka wewe ukae pale, unishike mkono, na umjue Jubilate ni yupi."

Nilimwonea huruma, na nilimwonea wivu pia, nakiri. Mzee akauingiza mrija ule mpya ndani ya koti, upande uleule wa moyo, akafunga kifungo.

"Ndiye mwenye miwani," akasema. "Jubilate. Ana miwani."

"Ndiyo, tata. Ana miwani."

Wakapanda bodaboda wote wawili, baba katikati. Kabla haijaondoka Catheline akamkabidhi Mama Queen ule mrija wa zamani. "Nitunzie huu, mama, usirudi Ndandalo."

Walipopotea kwenye kona, Redio akahema. "Aislandi wenyewe hawakufikiria hii."

"Hawana wake wa Kinyakyusa," akasema Nshomile.

Mama Queen aliupima ule mrija kwa macho, akaona usikae bure. Akaingiza ncha moja kwenye jiko, akapulizia mkaa. Mkaa ukawaka vizuri ajabu. Akapuliza tena, akavuta pumzi kupitia mlemle mlimopita kimpumu cha miaka yote ili apulize mara ya tatu, kisha akasimama ghafla na kushika ukingo wa meza.

"Jamani," akasema, "mbona nawaona mko wengi?"

"Usijali, Mama Queen," akasema Nshomile akinyanyuka kwenda kazini. "Hujanywa. Umepuliza tu."