Sauti ya Kwanza

Jumatatu, 3 Juni
Mama mkwe amekuja kumwona binti yake. Miaka yote ya ndoa yetu ananiita "yule bwana", hata nikiwa nimekaa hapo hapo. Inauma. Leo nikachoka. Nikamwambia Jumamosi kwaya yetu ina konsati, nyimbo za kanisa za kale, Kilatini kitupu, bila kinanda, na mimi ndiye sauti ya kwanza. Nilimaanisha kinara. Akauliza tangu lini naimba na wanawake. Mke wangu akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Nikajitetea kwamba enzi hizo sauti ya juu waliiimba wanaume, mwalimu wetu ametuambia. Hapo sikudanganya. Mama mkwe akasema atakuja kujionea, na dada zake atawaleta.

Mimi ni sauti ya nne. Besi. Nasimama nyuma ya nguzo.

Jumanne, 4 Juni
Mazoezi bafuni. Jirani amekuja kuuliza kama kuna paka amebanwa na mlango. Mke wangu amemjibu ni mumewe.

Alhamisi, 6 Juni
Nimemwomba mwalimu wa kwaya anihamishie sauti ya kwanza. Amenisikiliza kidogo, akafumba macho, akakataa. Nikamweleza habari za mama mkwe. Kumbe naye anaye. Akalegea. Nitasimama na kina mama mstari wa mbele, mradi nichezeshe midomo tu, asisikie hata pumzi. Fundi cherehani, mwenzangu wa besi, amefurahi kupita kiasi. Eti sasa ataisikia sauti yake mwenyewe. Wivu tu.

Jumamosi, 8 Juni
Kanisa limejaa. Mama mkwe mbele kabisa, dada zake kulia na kushoto. Katika nyimbo hizi sauti huingia mojamoja, zinafukuzana, mwisho hujui nani alianza. Nikachezesha midomo kwa moyo wote. Nikafumba macho. Nikanyoosha mkono. Raha iliyoje! Kwa utamu huo nikasahau kwamba kabla ya Amina ya mwisho kuna pumziko refu, kwaya nzima kimya. Nilipofumbua macho, kila mdomo ulikuwa umefungwa isipokuwa wangu, na wangu ulikuwa bado unaendelea. Mama mkwe ameinama, mabega yanamtikisika. Nilitamani nguzo yangu.

Jumapili, 9 Juni
Mama mkwe na dada zake wamepita kuaga. Macho yake bado mekundu kwa kicheko. Amewaambia dada zake, "Mkwe wangu huyu atanivunja mbavu." Mkwe wangu. Nimesikia kwa masikio yangu, nikaenda jikoni kujifuta machozi. Mke wangu amenifuata, amenishauri niishie hapo, nirudi nyuma ya nguzo kwa amani. Nimetafakari. Kosa langu lilikuwa midomo. Mwalimu wa kwaya anawapa watu mgongo, haimbi hata neno, na ndiye anayepigiwa makofi. Nikamwahi mama mkwe mlangoni, nikamwambia konsati ijayo naongoza mimi. Ameuliza kama dada zake wanatosha, au alete na majirani.