Mabibo ya Dionisia na Sufuria ya Bi Sabaha

Tegeni masikio, enyi wana wa Ruangwa na Nachingwea mliopinda migongo mkiokota korosho! Tueni ndoo zenu kitambo kidogo, mkapate kujua jinsi Dionisia binti Bonifasi, ambaye majirani humwita Mama Eva, mshika mwiko asiyetetereka, fahari ya Nambilanje, alivyoingia vitani na mabibo akatoka mzima, ingawa kanga yake haikusalimika.

Chanzo cha vita ni hiki. Kwa miaka mingi Dionisia alikuwa mpika uraka, ile pombe ya mabibo inayowafanya wanaume wazima waisalimie miti. Jirani yake, Bi Sabaha, mama wa swala tano, alimpenda kama mwanawe. Dionisia alipofiwa na mumewe, ni Bi Sabaha aliyemkorogea uji na kumlazimisha aunywe. Lakini chakula cha nyumba ya Dionisia mama huyo hakukigusa asilani, kwa kuwa kila sufuria ya mle ilikuwa imepikiwa pombe. Chombo chake kilipokuja na pilau ya Idi, Dionisia, akiona aibu kurudisha chombo cha jirani kikiwa kitupu, alikirudisha na ufuta, au chumvi, au korosho mbichi. Hakuwahi kumlisha Bi Sabaha hata tonge moja, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyopata kumwambia mtu yeyote.

Basi msimu huu aliivunja mitungi yake yote. Akaazima sufuria ya Bi Sabaha mwenyewe, sufuria safi isiyo na makosa ya nyuma, akaapa kuirudisha ikiwa na keki ya mabibo.

Alfajiri jemedari akaukabili mkorosho. Aliyachuma mabibo mtini kwa mkono wake, wala hakuinamia yaliyolala chini, kwa maana hayo yalikwisha kuanza kunuka kazi yake ya zamani. Mbuzi wa jirani, adui mwenye ndevu, akashambulia ndoo mara mbili akarudishwa nyuma kwa kandambili. Kisha ukaja ukakasi, ule unaokaba koo la shujaa na la mwoga bila kubagua; Dionisia akauchemsha kwa chumvi, akaumwaga, akauchemsha tena hadi ukasalimu amri, huku maji ya mabibo yakimwachia kwenye kanga madoa ambayo sabuni haijayaweza mpaka leo. Akapanga vipande ndani ya sufuria, akanyunyiza sukari na mdalasini, akafunika kwa unga uliokandwa na tui la nazi. Akaweka mkaa chini, akaweka mkaa juu ya mfuniko, akasubiri.

Harufu ikapanda, ikavuka uzio. Bi Sabaha akatokeza kichwa.

"Mama Eva, si uliniambia umeacha? Mbona pua yangu inaniambia mengine?"

Dionisia akasimama, mwiko mkononi kama mkuki. "Mama, naapa mbele ya jua hili na mbele ya mbuzi huyu aliyenisumbua tangu alfajiri. Humu hamna bibo lililolala. Nimekupikia wewe, ndani ya sufuria yako wewe, na usipokula leo sijui nitakulisha lini."

Bi Sabaha alikuwa bado anapima maneno hayo, mara akatokea Andrea wa Matambarale, mtembeza kikombe, bingwa wa vilabu vyote, aliyeifuata harufu tangu njia panda.

"Mama Eva, Mungu akuzidishie," akasema, akinyoosha kikombe. "Nilijua tu hutatutupa. Nitilie."

Dionisia akaona vita imemshinda. Kwa hasira akachota kipande cha keki ya moto akamtupia ndani ya kikombe. Andrea akatafuna, macho kayafumba. Kisha uso wake ukaanguka.

"Haina kitu," akasema kwa huzuni. "Nimekunywa uraka wa Narung'ombe, nimekunywa wa hapa, nimekunywa hadi wa Nachingwea mjini, na ulimi huu haujanidanganya hata siku moja. Humu hamna pombe ya kumlewesha hata sisimizi. Tamu tu, basi. Mama Eva, umetuua."

Akakipindua kikombe chake, akaenda zake pole pole kama mtu anayetoka mazikoni.

Bi Sabaha akamsindikiza kwa macho. Katika wilaya nzima hapakuwa na shahidi wa kuaminika zaidi kwa jambo hilo.

"Nipe," akasema. Akapiga bismillahi, akala. "Sukari umezidisha," akasema, akanyoosha mkono tena. Dionisia akainama kuchochea moto uliokwisha kuzimika, akalia kwa furaha.

Basi na ikumbukwe Nambilanje, na watoto wasimuliwe: siku ile sufuria ya Bi Sabaha ilirudi kwao tupu, na hakuna aliyeona aibu, kwa kuwa mwenyewe alisimama pale pale uzioni akaikomba kwa kidole.