Mlango wa Taa Tatu

Jumatatu, 2 Juni

Siku tano kabla ya mkutano wa chama chetu, Homa Bay. Nimemaliza makala yangu ya saba dhidi ya michezo ya kompyuta. Kali! Katika sita za kwanza magazeti yalichapisha mbili. Nyingine yaliziogopa.

Roseline akauliza kama nimewahi kucheza hata mchezo mmoja. Nikamjibu kwamba daktari hahitaji kuugua malaria ndipo aitibu. Akasema muuguzi humu ndani ni yeye, na ameugua malaria mara tisa. Mke wangu huyo.

Lakini swali limenikaa rohoni. Je, Filister akiniuliza vivyo hivyo hadharani? Filister, mkutubi mstaafu wa Asumbi, mwenyekiti wa Chama cha Wasomaji kwa miaka tisa. Kila mwaka nimegombea, kila mwaka amenishinda. Sasa anaondoka, anakwenda kulima Ndhiwa. Mimi ni makamu wake. Kifungu cha kumi na moja cha katiba, nilichokiandika kwa mkono wangu, kinasema makamu anarithi kiti, mradi hakuna mwanachama aliyepinga kufikia mwisho wa ajenda ya nne. Na hakuna anayepanga kupinga. Kazi yangu ni kukaa tu.

Kukaa tu! Mimi?

Nikaenda kwa Liz mwenye cyber, hapa Migori mjini, nikaomba mchezo muovu kuliko yote, niuchunguze. Damu. Risasi. Liz akanitazama sana, akaniwekea mmoja kwenye kompyuta yangu. Akasema nianze na huu.

Jumanne, 3 Juni

Hakuna damu. Hakuna risasi. Hakuna hata neno moja!

Mwanamke asiye na uso anashuka kisiwani na taa mkononi. Ukungu. Boma limehamwa. Unasikia maji, na lango fulani linalolia mbali. Unavuta kamba, maji yanapungua, ngazi inajitokeza. Hakuna anayekueleza chochote. Nimesoma riwaya nene za Warusi mara mbili mbili, na sijakutana na ukimya uliotungwa vizuri namna hii.

Nilianza baada ya chai ya asubuhi, kukusanya ushahidi. Nilishtuliwa na Roseline akirudi kutoka zamu saa kumi. Maharagwe yalikuwa makaa.

Nimeichana makala ya saba. Nimeanza ya nane: sanaa mpya kabisa imezaliwa, na aliyeigundua yuko Migori. Mpango mkubwa! Nikampigia Dishon, katibu wetu. Hotuba yangu itoke ajenda ya tano iende ya tatu, ili kiti nikipate kwa kustahili, si kwa urithi.

Dishon akasema, "Jaduong' Zablon, mzee wangu, kiti kinakuja chenyewe. Wewe njoo na kofia tu."

Nikamwambia kiti cha kurithi hakina joto. Akashusha pumzi ndefu. Akahamisha.

Jumatano, 4 Juni

Mlango wa mwisho. Umenigomea.

Mbele yake kuna uwanja wenye nyumba tatu, na kila nyumba ina taa. Upande wa chini wa uwanja kuna lango. Mtu yeyote aliyelelewa katika boma la kwetu anaelewa papo hapo: hili ni boma! Nyumba inayotazama lango ni ya mikayi, mke wa kwanza. Halafu nyachira, wa pili. Halafu reru, wa tatu. Kwa hiyo taa ziwashwe kwa ukubwa, kama msimu wa kupanda: hakuna anayetia mbegu ardhini kabla ya mkubwa wake.

Nikawasha. Kimya. Nikarudia. Kimya. Mara kumi na moja.

Nikaipeleka kompyuta kwa Liz. Akasema, "Mzee, hebu acha kugusagusa." Nikamwambia mimi si mtu wa kukata tamaa. Akasema hakuna aliyetaja tamaa. Vijana hawajui kujadiliana.

Nimewaandikia waliotengeneza mchezo barua ya kurasa nne kuhusu jinsi boma linavyojengwa.

Alhamisi, 5 Juni

Ushindi!

Nimewasha mikayi, nyachira, reru, kwa mara ya ishirini na tatu. Papo hapo nikasikia mbuzi wa jirani yangu Motari ndani ya kunde zangu. Nikatoka. Nikamweleza Motari historia ya ua katika maendeleo ya binadamu. Akasema ua uliobomoka ni wangu. Tukabishana nusu saa.

Kurudi ndani, mlango wazi! Mwanamke anashuka hadi majini, anaiweka taa yake juu ya maji, na ukungu wote unaondoka. Nilitoa machozi. Machache.

Kwa hiyo mpangilio wangu ulikuwa sahihi. Mashine ilihitaji muda tu kuizoea hekima ya wenye boma. Nimeandika hivyo katika makala ya nane, ukurasa wa kumi na nne.

Roseline akauliza kama niligusa kitu kabla mlango haujafunguka. Nikamwambia nilikuwa nje na Motari. Akasema, "Ndiyo basi," akaenda zake akicheka. Sikuwa na nafasi ya kuuliza.

Jumamosi, 7 Juni

Nimerudi kutoka Homa Bay. Nitaandika ukweli mtupu.

Asubuhi Roseline alinipigia koti pasi, akaniita baba wa binti yetu. "Wuon Dorine, leo keti. Keti tu mpaka ajenda ya nne ipite." Nikamwambia tutaona.

Wanachama thelathini na mmoja, Roseline akiwemo. Ajenda ya pili ilipokwisha, Dishon aliniinamia sikioni: bado anaweza kuisogeza hotuba. Nikakataa. Nikasimama. Dakika arobaini. Nikawatangazia kazi mpya ya sanaa, isiyojulikana nchini. Nikawafafanulia taa na ukubwa wa wake. Mwisho, ili kuwachangamsha, nikasema wapo waliozeeka wakigonga mihuri kwenye vitabu bila kujua dunia imefika wapi. Huenda nilimtazama Filister.

Filister akainuka polepole. Akanipongeza. Akasema kazi hiyo mpya ina miaka kumi na mitatu, ina tuzo hazihesabiki, na yeye aliimaliza mwaka ule alipovunjika mguu. Akauliza nani mwingine ameumaliza mchezo huo. Mikono kumi na tisa! Mmoja wa Roseline!

Akaendelea. Taa zile ni za kukupoteza tu. Ukiacha kugusa chochote kwa dakika tatu, mlango unafunguka wenyewe.

"Lakini, Zablon, wewe dakika tatu uliziwezaje?"

Mke wangu, mama wa watoto wangu, akajibu kwa niaba yangu: "Alikuwa nje akigombana na mbuzi."

Walicheka mpaka Dishon akaomba utulivu mara mbili.

Hata hivyo kiti kilikuwa bado changu. Ajenda ya nne. Dishon akauliza kama kuna pingamizi. Ukumbi ukanyamaza. Hakuna mkono. Hakuna kikohozi. Ukimya ule ulinichoma. Nikaona Roseline ananikodolea macho, anatikisa kichwa. Nikasimama kuwaeleza kwa nini wasinipinge.

Dakika ya kumi, Emmaculate akainua mkono. Emmaculate, muuza dagaa wa omena, ambaye kwa miaka sita hajatamka neno mkutanoni. Akasema hakuja na nia hiyo, lakini iandikwe kwamba anapinga.

Kura zikapigwa. Emmaculate ishirini na saba, mimi nne. Nilimuuliza Dishon kwa nini wamchague mtu asiyesema. Akasema nimejijibu.

Roseline anasema alinipigia mimi. Nachunguza.

Jumapili, 8 Juni

Nimetafakari kwa utulivu. Chanzo cha kushindwa ni dhahiri: katika ajenda ya nne nilikatizwa dakika ya kumi, kabla ya hoja zangu nzito. Nimemwandikia Dishon marekebisho ya kifungu cha kumi na moja. Nimewaandikia pia wenye mchezo kwamba dakika tatu ni nyingi mno, hakuna binadamu anayeziweza.

Baada ya kanisa Roseline alinipa chai, akaniomba nikae barazani bila neno mpaka kikombe kiishe. Nilikaa. Kisha nikamwona mbuzi.

Sasa hivi Emmaculate ametuma ujumbe. Mistari miwili. Amekubali kiti kwa mwaka mmoja tu, na nikibaki makamu, nikakaa kimya, mwakani ni changu.

Nimeanza kumjibu. Niko ukurasa wa tisa.