Waya wa Mita Tisa

Jumatatu, 20 Juni 1960

Bwana mpimaji, mzungu wetu, amefunga masanduku, amevuka mto Ruzizi kwenda Usumbura. Hakuaga hata paka. Kiti chake kiko wazi! Nani wa kukikalia kama si mimi, Hyacinthe, niliyembebea mnyororo wa kupimia miaka saba? Kofia aliyoiacha inanienea, nimeijaribu. Bwana Antoine, karani mkuu, amesema atakayesimamisha mlingoti wa bendera ya Uhuru wa Kongo ndiye atapewa kiti. Mshindani ni mmoja: Damien, seremala. Mtu wa kunusa mbao tu.

Jumatano, 22 Juni

Kazi yenyewe: mlingoti unashikiliwa na nyaya nne. Pete ya kufungia iko mita nane juu. Vigingi, mzungu alivijengea saruji mita sita kutoka mlingoti. Waya wa mshazari uwe mita ngapi? Nikakumbuka daftari lake alilolisahau mezani. Ukurasa wa kwanza, pembetatu yenye pembe mraba: tatu, nne, tano. Wa pili: tano, kumi na mbili, kumi na tatu. Kurasa nyingine Émérance, mke wangu, amezifungia samaki, ndagala. Si kitu! Nne ongeza moja, tano. Kumi na mbili ongeza moja, kumi na tatu. Basi nane ongeza moja, tisa. Miaka saba mzungu ananificha kitu kidogo hivi!

Ijumaa, 24 Juni

Damien amefika ofisini na penseli sikioni. Anadai mita kumi. Ati sita mara sita, thelathini na sita. Nane mara nane, sitini na nne. Jumla mia, na mia ni kumi mara kumi. Safari yote hiyo kwenda kwa jirani! Nikamwonyesha Bwana Antoine daftari, mwandiko wa mzungu mwenyewe. Nimeshinda. Bunda la waya lilikuwa mita arobaini, nimekata vipande vinne vya mita tisa. Nimeliokolea taifa mita nne! Nimempa Émérance aanikie nguo.

Jumatano, 29 Juni

Kesho ni Uhuru. Leo tumesimamisha mlingoti. Nyaya hazifiki! Kila mmoja umepungukiwa mita nzima. Wanaume sita wameukumbatia mlingoti, wananilaani kwa Kifuliiru. Nikakimbia nyumbani kudai mita zangu nne. Émérance amekataa, gauni lake la Uhuru halijakauka. Amesema: "Weye, taifa yako ingojee."

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Nyuma ya ofisi wamefungwa fahali wanne wa karamu, zawadi ya mzee Ntawukuriryayo, amewashusha mwenyewe kutoka milimani Rurambo. Kila fahali na kamba yake. Nne! Nimezifungua, nimeunga kila waya. Mlingoti umesimama wima. Fahali nimewaambia watulie.

Alhamisi, 30 Juni

Uhuru! Bendera imepanda, makofi, vigelegele. Sufuria ziko motoni, maji yanachemka, nyama hakuna. Fahali wamerudi zao Rurambo, ng'ombe hasahau njia ya kwao. Wageni wote wamekula ugali na sombe, majani matupu ya muhogo, wakinitazama mimi.

Mzee Ntawukuriryayo akaziona kamba zake pale juu. Hakupiga kelele. Alisema polepole kwamba wazungu walichukua mengi, lakini kamba ya ng'ombe hata wao hawakuigusa. Iliniuma sana. Nusu saa nzima.

Kiti amepewa Damien. Mimi nitambebea mnyororo. Nimelia, na sioni haya kuandika.

Jumatatu, 4 Julai

Nimewaza siku nne. Kosa nimelipata! Nane na kumi, tofauti ni mbili. Kuongeza moja ilikuwa kanuni ya Wabelgiji. Tangu Uhuru tunaongeza mbili! Mbona hawakututangazia?

Asubuhi hii mwinjilisti kutoka Luvungi amekuja kuuliza urefu wa nyaya za kushikilia mnara wa kengele. Juu mita kumi na mbili, kando mita tisa. Damien alikuwa hajafika. Nikavaa kofia, nikamjibu papo hapo: kumi na nne, akate leo leo. Ameondoka akinibariki.

Damien alipokuja nikamsimulia. Ametupa penseli, ameruka juu ya baiskeli, anamfukuza mtumishi wa Mungu barabarani akipiga kelele: kumi na tano, kumi na tano! Maskini. Wivu ukizidi ni ugonjwa.