Kisiwa Katika Jiko la Katarina

Jumanne, 8 Oktoba 2024

Leo Mungu ameikumbuka nyumba yangu. Selestine, mwenyekiti wa jumuiya yetu hapa Shanwe, amekuja na habari. Kipaimara ni Jumapili ya tarehe 20, wageni sitini, na mpishi ni mke wangu Katarina. Sitini! Tumechaguliwa sisi, wakati Majengo yupo yule Séverine mwenye masufuria ya kukodisha na mdomo wa kukodisha.

Kuna sharti. Ijumaa ya tarehe 18 Selestine anapita kukagua jiko. Likiwa dogo, kazi inakwenda kwa Séverine. Katarina ameisubiri kazi hii miaka minne. Alishika mlango kwa mikono miwili, nikadhani anataka kuung'oa.

Jiko lake ni kibanda cha tofali nyuma ya nyumba, mafiga katikati. Mtu wa pili akiingia, wa kwanza inabidi atoke. Ameomba kitu kimoja tu. Ukuta wa nyuma usogezwe hatua tatu kuelekea kwenye migomba, ipatikane nafasi ya sufuria mbili zaidi. Basi.

Hatua tatu! Miaka ishirini na sita ya ndoa na bado hajui ameolewa na nani. Mimi ndiye niliyejenga ghala kule Kapalamsenga mwaka ule wa upepo. Ziwa lilipanda mpaka mlangoni, mawimbi yakapiga hodi, yakaiona kazi, yakarudi yenyewe kwa adabu. Nimemwambia hili aniachie mimi. Akasema hapo ndipo anapoogopa.

Jumatano, 9 Oktoba

Utafiti. Fundi wa kawaida anaanza na koleo. Mimi naanza na kichwa. Niliishia darasa la tano, ndiyo, lakini la tano la zamani. Kwa sasa hivi hiyo ni digrii na chenji inabaki.

Nimekaa na simu tangu chai mpaka bando likaisha. Nimeona majiko ya Ulaya, ya Uchina, ya Dar. Yote makubwa yana kitu kimoja: kisiwa. Yaani meza ya kujengewa katikati ya jiko, haijagusa ukuta hata mmoja, imekaa peke yake kama bwana harusi anayesubiri. Juu yake bakuli la ndimu. Hakuna moshi. Hakuna hata anayepika. Hayo ndiyo maendeleo.

Mchana, upelelezi. Jirani yangu Manyanda, Msukuma wa ng'ombe wengi na maneno mengi zaidi, kamjengea mkewe Nyanzala jiko lenye bomba la moshi. Katarina analitaja kila siku kama limeshatangazwa mtakatifu. Sasa, mwanaume hawezi kuingia tu jikoni kwa mke wa mtu. Nikaingia natafuta kuku aliyepotea. Nyanzala akauliza kuku wa rangi gani. Nikasema mweupe. Akasema, shemeji, wewe hufugi kuku. Kabla sijapata jibu akanikabidhi kisu na karai la mihogo. Eti mwanaume anayependa jiko kiasi hiki asikae bure.

Nimemenya karai zima. Manyanda akatokea mlangoni, akaita wageni wake wote waliokuwa wanakunywa togwa waje kutazama. "Mtani," akasema, "ukimaliza hapo kuna vyombo."

Jiko lenyewe? La kawaida tu. Halina kisiwa.

Alhamisi, 10 Oktoba

Ramani tayari. Nimeichora nyuma ya kalenda ya parokia, ukurasa wa Agosti, mwezi ambao hauhitajiki tena. Kisiwa: futi sita kwa nne.

Fundi Maiko akaja. Akaigeuza ramani juu chini, chini juu. Akauliza jiko lote lina futi ngapi. Kumi kwa nane. Akauliza mpishi atasimama wapi. Nikamwambia hayo ni mambo madogo, atasimama tu, ana miguu. Akauliza kama mama mwenyewe ameiona hii ramani. Nikamuuliza, rubani huwa anawauliza abiria njia?

Maiko akafungasha mwiko wake akaondoka. Eti kapata msiba. Huyu bwana kila akikutana na elimu anafiwa.

Ijumaa, 11 Oktoba

Katarina ameondoka na basi la asubuhi kwenda Kapalamsenga kununua migebuka na dagaa wa sherehe. Atarudi Jumapili. Ameacha agizo: hatua tatu, migomba. Nimeitikia kwa sauti nzuri kabisa.

Basi lilipokata kona tu, kazi ikaanza. Kisiwa lazima kikae katikati. Katikati kuna mafiga. Mawe matatu, meusi, mabaya, hakuna aliyewahi kuyapiga picha. Nimeyatoa yote, nikayapanga kando ya barabara, mwenye shida achukue.

Manyanda akapita na ng'ombe wake. Akasimama. Ng'ombe nao wakasimama. Akauliza kama nimegombana na shemeji yake. Nikasema tunapendana kupita kiasi, asubiri Jumapili aone. Akasema, "Haya, mtani," kwa sauti ile ya kutoa pole.

Wivu tu.

Jumapili, 13 Oktoba

Kisiwa kimesimama! Tofali za kuchoma, sementi juu, nimeilainisha kwa chupa ya bia mpaka inang'aa. Bakuli la ndimu juu yake. Ukuta wa nyuma sijausogeza, sementi imeishia kwenye kisiwa. Kupita kunapitika, kwa ubavu, tumbo ndani. Mazoezi hayo.

Katarina amefika saa kumi jioni, gunia la samaki kichwani. Hakufika mlangoni. Alisimama barabarani penye yale mawe. Nikapiga kelele kutoka jikoni: fumba macho, mke wangu, njoo uone! Hakufumba. Akalitua gunia taratibu, akaingia chumbani, akatoka na kifurushi cha vitenge, akaita bodaboda. Hakusema neno hata moja. Amekwenda Majengo kwa kaka yake, Zablon.

Naelewa. Furaha ikizidi, sauti inakatika. Amekwenda kuwaita ndugu zake waje washangae wote kwa pamoja.

Jumatatu, 14 Oktoba

Ndugu wamekuja kweli. Zablon na wazee wawili, wamevaa makoti ya msibani. Niliwaandalia viti wakae kukizunguka kisiwa. Viti havikuingia. Zablon akakataa soda. Akauliza dada yake amekosa nini.

Nikasema hajakosa kitu.

Basi kwa nini umemfukuza?

Mimi? Ndipo akanieleza, polepole, kama mwalimu wa chekechea. Mimi Mkonongo, wao Wapimbwe, na kwa ukoo wao mawe ya jikoni bibi harusi anapewa na mama yake. Mume akiyatoa nje, hahitaji barua wala shahidi: amemrudisha mke kwao. Akiyaweka barabarani, amemrudisha na kumtangaza. Akasema niliambiwa yote haya siku ya kupeleka mahari. Inawezekana. Siku ile kulikuwa na mbuzi wa kuchoma, na mimi nikiwa na mbuzi mdomoni sisikii.

Nikaona bora wajionee wenyewe. Nikawapeleka kwenye kisiwa. Mzee mmoja akavua kofia, akauliza hapa amelala nani.

Hukumu: nitoe mbuzi mmoja, na mawe niyapeleke mwenyewe Majengo, kichwani, moja moja, mchana kweupe, nikamwombe Katarina msamaha mbele ya watu. Asiporudi, Ijumaa Selestine atakuja kukagua nini? Wanasema Séverine ameshaanza kusugua masufuria.

Jumanne, 15 Oktoba

Kichwani! Mimi! Niliyemshika mamba mkia kule Katavi mpaka akageuka kuniangalia kwa heshima!

Nimetafuta njia ya kitaalamu. Yale mawe ni mazito kupita kiasi. Nikaokota mengine matatu mepesi kule mtoni, nikayapaka masizi, nikayapakia kwenye bodaboda. Nikashuka nyumba tatu kabla ya kwa Zablon, nikajimwagia maji ya chupa usoni yawe jasho, nikayapeleka moja moja kichwani nikipepesuka, nikayatua mlangoni.

Katarina akatoka. Hata hakuinama kuyaangalia. Akasema la kwake la kwanza lina pengo tangu siku aliyomzaa binti yetu Agape. La pili halikai sawa mpaka uliegemeze. La tatu lina alama ya chungu cha marehemu mama yake. "Sasa haya ni ya nani, Baba Agape? Umeoa mwingine?"

Watu wakacheka mpaka mama wa chipsi pale jirani akaunguza. Lucia, mke wa Zablon, akanifungia mlango. Kwa upole, niseme ukweli.

Jumatano, 16 Oktoba

Mawe yenyewe. Shanwe hadi Majengo, safari tatu, jua la Oktoba. Watu walijipanga njiani. Wengine walidhani nagombea uenyekiti wa mtaa na hii ndiyo nembo yangu. Mmoja akaniahidi kura. Manyanda alinisindikiza safari zote na maksai wawili, eti nisijisikie mpweke, niwe na wabeba mizigo wenzangu.

Jiwe la tatu, lile la mama mkwe, lilinikandamiza shingo mpaka nikawa mfupi. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilipolitua mbele ya Katarina hotuba haikuja. Nikasema tu kwamba nyumba imenyamaza, na sijui chumvi inakaa wapi.

Katarina akacheka kidogo, akajificha kwenye kitenge. Kisha akauliza ukuta umesogea hatua ngapi. Nikasema bado kidogo. Ngapi, Baba Agape? Sifuri.

Akasimama, akamwambia Lucia alete toroli, akayapakia mawe yake kurudi nyumbani. Toroli! Lilikuwepo nyuma ya nyumba muda wote ule, na hakuna aliyefikiria kunishauri.

Ijumaa, 18 Oktoba

Siku mbili za kazi. Sikushirikishwa. Amekuja Maiko (msiba umeisha), amekuja Nyanzala, wamekuja akina mama wa jumuiya na majembe. Kisiwa kimevunjwa kwa nyundo. Nyanzala aliomba apige pigo la kwanza. Akapiga. Akaomba na la pili. Kifusi kimeshindiliwa kuwa sakafu. Ukuta umesogea hatua tatu kuelekea kwenye migomba, Katarina kapima kwa miguu yake mwenyewe. Mafiga ya mama yake katikati, mengine mapya pembeni kwa zile sufuria mbili zaidi.

Mimi nilipewa vitunguu, nje. Manyanda alipita kila baada ya muda kunisalimia na kuulizia hali ya vitunguu.

Jioni Selestine akaja. Akaingia, akanyoosha mikono yote miwili, akajizungusha kama mtoto. Hakugusa ukuta. Akasema kazi ni ya Katarina.

Jumapili, 20 Oktoba

Wageni sitini wamekula, wameongeza, wamefungasha na cha kuondoka nacho. Paroko aliuliza nani kapika migebuka hii. Katarina akasimamishwa, makofi yakapigwa, Selestine papo hapo akatangaza kwamba na chakula cha Krismasi atapika mke wangu. Katarina alifuta macho. Anasema ni moshi. Moshi gani, meza zilikuwa uwanjani.

Kwenye meza yangu nimewaeleza watu kwamba sakafu ya lile jiko ni kazi yangu. Ukiitazama vizuri, ni kisiwa kilicholala. Mmoja akauliza kama natoa na ushauri. Pengine alikuwa anatania. Sikumpa nafasi ya kufafanua.

Jumanne, 22 Oktoba

Zablon na Lucia wamekwenda Usevya wiki nzima kuandaa shamba la mpunga. Wamemwachia Katarina ufunguo awamwagilie mchicha. Mama wa watu ana shughuli nyingi sasa, mpishi mkubwa. Nimejitolea kwenda badala yake.

Niliona siku ile ya mawe, kabla Lucia hajafunga mlango, jinsi jiko lake lilivyo. Aibu. Na Zablon kwa jumla alinihukumu kwa haki, hakuniongezea mbuzi wa pili. Nimeona nimtendee wema bila kumwambia. Akirudi akute.

Leo asubuhi nimeanza. Safari hii kisiwa ni cha duara; kilichotuponza kwenye kile cha kwanza ni pembe. Ukuta mmoja umeshashuka. Na asije mtu akasema sijifunzi: mafiga ya Lucia sikuyapeleka barabarani hata kidogo. Nimeyaficha nyuma ya choo, ambako hakuna atakayeyaona.